Kuteremka Pwani: Jina la Bagamoyo na Safari Isiyoandikwa

Itetemia ni mahali padogo karibu na mji wa Tabora. Katikati ya karne ya 19 palikuwa makao ya Fundikira, Mtemi wa Unyanyembe, ambaye binti yake Karunde aliolewa na Muhammed bin Juma, baba yake Hamed bin Muhammed, yule ajulikanaye zaidi kwa jina la Tippu Tip. Kutoka hapo hata bahari ni mwendo wa kilometa 800 hivi. Katika karne hiyo vijana wa Unyamwezi kwa maelfu waliondoka kwao kila kiangazi, wakajitwika mizigo, wakateremka hata pwani, na wengi wao wakarudi. Ni safari chache sana katika nchi za Afrika ya Mashariki zilizofanywa na watu wengi namna ile, tena kwa miaka mingi namna ile. Walakini mtu akiingia maktabani kutafuta kitabu cha Kiswahili kinachoieleza safari hiyo kwa kinywa cha yule aliyeteremka, atapata taabu kukipata.

Hilo ni jambo la kustaajabisha, kwa maana si kwamba Kiswahili hakikuwa na waandishi wa safari. Carl Velten, aliyekuwa akifundisha Kiswahili Berlin, alikusanya maandishi ya namna hiyo na kuyapiga chapa mwaka 1901 katika kitabu kiitwacho Safari za Wasuaheli. Humo Selemani bin Mwenye Chande aeleza safari yake ya bara, Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Bagamoyo aeleza safari ya Udoe na Uzigua, na Salim bin Abakari aeleza mambo aliyoyaona Urusi na Siberia. Kabla ya hapo, mwaka 1894, C. G. Büttner alikwisha kutoa maandishi ya Amur bin Nasur juu ya mji wa Berlin. Tangu 1902 yakaanza kupigwa chapa maisha ya Tippu Tip, aliyoyasimulia mwenyewe kwa Kiswahili na kuhifadhiwa na Heinrich Brode, ambayo W. H. Whiteley aliyatoa tena pamoja na tafsiri ya Kiingereza katika jarida la Kamati ya Kiswahili ya Afrika ya Mashariki mwishoni mwa miaka ya 1950. Hii ni nathari iliyo imara, yenye macho makali na maneno machache. Mwanafunzi wa fasihi ya Kiswahili asiyeisoma amejinyima msingi.

Lakini kila aisomaye kwa makini hana budi kutambua jambo moja: nathari hiyo karibu yote yaanzia baharini. Waandishi wake ni watu wa mrima na wa Unguja, au watu waliokwisha kuifanya pwani kuwa kwao. Kwao kusafiri ni kupanda bara, au kuvuka maji kwenda Ulaya. Wakirudi pwani, safari imekwisha, na simulizi nayo imekwisha. Tippu Tip, kwa mfano, hueleza kwa urefu pembe alizozipata, frasila zake, madeni yake kwa matajiri wa Kihindi, na vita alivyopigana. Lakini afikapo pwani maneno yake huwa machache, na mara huingia habari ya kuuza na ya safari nyingine. Hapana ajabu katika hayo. Mtu hauelezi mlango wa nyumba yake mwenyewe.

Katika maandishi hayo Mnyamwezi yupo, tena yupo kila mahali, ila mara nyingi huonekana kama hesabu. Wapagazi kadha wametakiwa, kadha wamepatikana, kadha wametoroka, kadha wamekufa kwa ndui. Yeye ndiye aliyeyachukua maneno yote ya kitabu kichwani pake, pamoja na nguo na shanga na baruti, wala kitabu hakimwulizi aliona nini alipofika mwisho wa nchi. Hata jina lake hudhaniwa na wengi kuwa lilitoka pwani, kwa kuwa nchi yake ilikuwa upande wa magharibi, ambako mwezi mwandamo huonekana.

Ubora wa nathari hiyo na upungufu wake vyote viwili vyatoka katika njia. Njia ndiyo yote. Msomaji huambiwa maji yako wapi, chakula kilikuwa ghali au rahisi, hongo ilidaiwa kiasi gani, na nani alikuwa mkali kwa wageni. Kufika ni jambo dogo. Tofauti hii yaonekana vizuri zaidi ikilinganishwa na fasihi ya watu wengine waliokuwa na safari yao ya baharini, nao ni Waingereza wa zama zile zile.

Katika karne ya 18 matabibu wa Uingereza walianza kuwasifia watu maji ya chumvi kuwa ni dawa. Daktari Richard Russell aliandika juu ya jambo hilo, na kijiji cha wavuvi kilichoitwa Brighthelmstone kikaanza kugeuka kuwa mji wa mapumziko, ndio Brighton wa sasa. Kwanza walikwenda matajiri kwa magari ya farasi. Kisha reli kutoka London ikafika Brighton mwaka 1841, na mwaka 1846 reli nyingine ikafika Blackpool katika pwani ya kaskazini-magharibi. Ndipo wafanyi kazi wa viwanda vya nguo vya Lancashire wakaanza kwenda baharini kwa wingi. Katika juma moja la mwaka kiwanda hufungwa, moshi hukoma, na karibu mji mzima huhamia pwani, majirani wa mtaa mmoja wakalala tena katika nyumba za wageni zilizo jirani. Mwaka 1894 Blackpool ilijengewa mnara mrefu wa chuma, na watu wa bara wakawa wakiutazama kwa mbali kutoka madirishani mwa treni kama dalili ya kwamba wamefika.

Fasihi ya Kiingereza iliyatazama mambo hayo kwa namna yake. Hadithi ya Sanditon, aliyoiacha Jane Austen bila kuimaliza mwaka 1817, yaanza na gari la farasi linalopinduka njiani. Na njia katika hadithi hiyo ina kazi hiyo tu, kumwangusha msafiri ili jambo la mji wa pwani lipate kuanza. Miaka 121 baadaye, katika Brighton Rock ya Graham Greene, hata ajali ya gari haipo tena. Watu wamiminwa na treni siku ya sikukuu, nao mara wamo katikati ya mji, katika jua na ghasia yake. Njia imefutwa, na kilichobaki ni kufika. Kwa hiyo mwandishi wa Kiingereza ana nafasi ya kutosha kuupima mji wa raha: ni raha ya nani, inalipiwa na nani, na ni uovu gani umefichwa chini yake.

Sababu ya tofauti hiyo si akili ya waandishi. Ni kazi. Mfanyi kazi wa Lancashire alilipa nauli ili afike baharini. Mpagazi wa Unyanyembe alilipwa ujira ili afike baharini. Wa kwanza aliiacha kazi nyuma yake siku ile alipoondoka. Wa pili aliichukua kazi begani, uzito wa kilo 30 hivi, na hakuachana nayo mpaka alipoukanyaga mchanga wa pwani. Richard Burton na John Hanning Speke walitumia siku 134 mwaka 1857 kutoka pwani hata Kazeh, ndiyo Tabora. Stanley mwaka 1871 alitumia kama miezi mitatu. Misafara ya Wanyamwezi wenyewe iliteremka kwa mwendo wa kasi zaidi kuliko misafara mingi ya wageni, lakini nayo ilihesabu siku zake kwa majuma mengi. Tena yupo uzi mmoja unaowaunganisha watu hao wawili wasiojuana: baina ya mizigo aliyoichukua mpagazi katika kupanda kurudi kwao, mikubwa ilikuwa majora ya nguo za pamba, kwanza za Marekani, kisha na za Bombay na za Uingereza pia. Mmoja alikwenda baharini ili aipumzike pamba. Mwingine alipoondoka baharini alijitwika pamba.

Hapo ndipo linapoingia jina la Bagamoyo. Ikiwa safari ya kuteremka haikupata kitabu, haikosi kuwa imeacha neno. Jina hilo hufasiriwa kwa kawaida kuwa ni «bwaga moyo», nalo ni maandishi ya maneno mawili yanayostahili kuchambuliwa kama shairi linavyochambuliwa. Tafsiri zake mbili zajulikana na kila mtu. Ya kwanza yasema kwamba mpagazi, akiisha kufika, aliutua moyo wake pamoja na mzigo, akapumzika. Ya pili yasema kwamba mtumwa, akiisha kuiona bahari na jahazi, aliuacha moyo wake pale pale, kwa kuwa mwili wake ulikuwa ukienda asikokujua. Tafsiri hii ya pili ndiyo iliyoenea zaidi katika zama hizi. Ndiyo waambiwayo wageni, na ndiyo inayorudiwa katika vitabu vya shule.

Mchambuzi wa lugha aanzie katika kitenzi. Kiswahili kina kutua, na kina kubwaga. Kutua ni kuuweka mzigo chini kwa utaratibu, kama atuavyo mtu mtungi wa maji. Kubwaga ni kuutupa kwa mara moja, kwa kuchoka au kwa kukasirika au kwa furaha ya kufika. Mtu hujibwaga kitandani. Hambwagi mwenziwe kitandani ila kwa mieleka. Kitenzi hiki basi chamtaka mtenda aliyekuwa amechukua kitu, mwenye nguvu au ruhusa ya kukiachilia. Ni neno la mtu wa mzigo. Tena Kiswahili hakikosi maneno ya msiba wa moyo: moyo hufa, moyo huvunjika, tamaa hukatika. Ingalikuwa jina la mji lataka kusema kukata tamaa tu, lugha ilikuwa na njia zilizo wazi zaidi. Kwa upande wa sarufi na matumizi, tafsiri ya mpagazi yasimama juu ya mguu ulio imara.

Walakini haki yataka hoja ya upande wa pili isikizwe kwa ukamilifu. Msemaji wake aweza kujibu kwamba uchungu wa neno umo katika jambo hilo hilo. Mtumwa hana ruhusa ya kubwaga mzigo wala mnyororo. Kitu pekee kilichobaki katika amri yake ni moyo, basi huo ndio aubwagao. Hoja hii ni nzuri, nayo yaonyesha kwa nini tafsiri ya pili imewavuta watu wenye hisia. Kwa shairi yatosha. Kwa jina la mji haitoshi, maana majina ya miji hayatolewi na mtu mmoja mwenye fikira nzito usiku mmoja. Hutokana na watu wengi wanaorudia jambo moja mwaka baada ya mwaka. Hapo sarufi imefika mwisho wake, na historia yatakiwa itoe ushahidi.

Ushahidi wa historia si mgumu kuueleza. Biashara kubwa ya Bagamoyo katika karne ya 19 ilikuwa pembe za ndovu. Watumwa waliopelekwa Unguja kwa bahari katika miaka ya 1860 walipitia Kilwa kwa sehemu iliyo kubwa sana, wakitoka pande za Nyasa. Mwaka 1873 Seyyid Barghash alitia sahihi mkataba wa kukataza biashara ya watumwa baharini, na baada ya mwaka huo misafara ya Bagamoyo haikupungua, bali ilizidi. Stephen Rockel, katika kitabu chake cha 2006 juu ya wapagazi wa Afrika ya Mashariki, ameonyesha kwamba wengi wa wapagazi wa Kinyamwezi walikuwa watu huru wenye kupatana ujira wao, kugoma walipodhulumiwa, na mara nyingine kuchukua pembe zao wenyewe kwa biashara yao wenyewe. Steven Fabian naye, katika makala ya 2013, ameihoji kwa nguvu ile picha ya Bagamoyo kuwa bandari kuu ya watumwa, akaonyesha jinsi utalii ulivyoipa picha hiyo uzito.

Haya hayamaanishi kwamba watumwa hawakuwako. Walikuwako. Walipita katika njia ile, walilima mashamba ya pwani, walitumikishwa majumbani, na misheni ya Kikatoliki iliyoanzishwa Bagamoyo mwaka 1868 ilikuwa na kijiji cha watu waliokombolewa. Mwenye kuwafuta hao ili aipambe safari ya mpagazi atakuwa amefanya kosa lile lile analolilaumu. Swali si kama watumwa walipita, bali ni nani aliyelitia jina hilo maana yake ya kwanza. Na kwa swali hilo jibu lililo karibu zaidi na ukweli ni mpagazi.

Kubadilika kwa maana ya neno si jambo geni katika lugha, na njia ile ile ya misafara yatupa mfano mwingine ulio wazi. Neno hongo katika maandishi ya Safari za Wasuaheli na katika maisha ya Tippu Tip ni ushuru wa njia, mali anayopewa mwenye nchi ili msafara upite na kuchota maji. Ugogo ilijulikana sana kwa hongo yake. Huenda lilikuwa zito, huenda lilichukiza, lakini lilidaiwa hadharani na kulipwa hadharani, na katika macho ya mtemi lilikuwa haki. Leo neno hilo hilo ni rushwa, jambo la kuficha chini ya meza. Mwanafunzi asomaye kitabu cha kale kwa maana ya leo atawaona watemi wote kuwa wala rushwa. Ndivyo ilivyo kwa Bagamoyo: msomaji anayelisoma jina kwa maana iliyotiwa nguvu baadaye atawaona wote walioteremka kuwa walifungwa minyororo.

Madhara ya usomaji huo si ya kinadharia tu. Mwaka 2006 njia hii iliingizwa katika orodha ya awali ya urithi wa dunia, na jina ililoandikiwa ni njia kuu ya biashara ya watumwa na pembe, kutoka Bagamoyo kupitia Mamboya, Mpwapwa, Kilimatinde na Kwihara hata Ujiji. Kwihara ni jirani wa Itetemia. Katika jina hilo watumwa wametajwa, pembe zimetajwa, aliyezichukua pembe hakutajwa. Mtoto wa Itetemia akifundishwa historia ya njia iliyopita mlangoni pa babu zake, hufundishwa kwamba babu zake walikuwa ama wauzaji wa watu ama watu waliouzwa. Kwamba wengi wao walikuwa wafanyi kazi wa ujira, wenye kiburi cha kazi yao, kwamba katika Unyamwezi kijana asiyepata kuiona bahari alihesabiwa kuwa bado hajawa mtu mzima, hayo hayamfikii. Amenyimwa urithi ambao lugha yenyewe ilimhifadhia katika neno moja.

Kwa nini basi tafsiri ya mtumwa imeshinda? Sehemu ya jibu ni ya kawaida kabisa. Mnyororo huweza kuwekwa katika jumba la makumbusho, mgeni akautazama na kuhuzunika. Mzigo uliokwisha kubwagwa haubaki. Pembe iliuzwa, ikapelekwa ng'ambo, ikawa vibonyezo vya piano na mipira ya biliadi. Ujira ulikuwa nguo, nayo ilivaliwa ikachakaa. Bega lililoota sugu lilizikwa pamoja na mwenyewe. Kazi ya ujira huacha alama chache, nayo fasihi isipoiandika hupotea.

Hapana budi pia kuwaonya wanaoipenda tafsiri ya mpagazi kupita kiasi. Mapumziko ya Bagamoyo hayakuwa kama yale ya Blackpool. Mpagazi hakuwa na likizo. Alikuwa akingoja mzigo mwingine wa kupanda nao. Alipiga kambi pembezoni mwa mji, akawa na fedha au nguo kidogo na watu wengi waliotaka kumpunguzia. Waungwana wa mji walimhitaji kwa biashara na kumdharau kwa wakati huo huo, wakimwita mshenzi. Jonathon Glassman, katika kitabu chake cha 1995 juu ya miji ya mrima, ameeleza jinsi watu wa bara walivyoingia katika ngoma na karamu za pwani wakidai nafasi yao, na jinsi wenye mji walivyowazuia. Kwa hiyo moyo uliobwagwa haukubwagwa juu ya godoro. Ulibwagwa mchangani, mahali pa watu wengine, kwa muda. Lakini ulikuwa ni moyo wake, naye ndiye aliyeubwaga.

Kuna msafara mmoja ulioteremka ambao habari zake ziliandikwa kwa wingi, nao wapasa kutazamwa kwa sababu waonyesha jinsi sauti ilivyopotea. David Livingstone alipokufa mwaka 1873, watu wake, miongoni mwao Susi na Chuma, waliukausha mwili wake wakauchukua kuelekea baharini. Kwihara walimkuta Verney Lovett Cameron, aliyewashauri wauzike mwili hapo. Walikataa, wakaendelea na njia, na katika Februari 1874 wakaufikisha Bagamoyo. Pengine hapana mzigo mkubwa kuliko huo uliopata kubwagwa katika mji huo. Baada ya hapo ulichukuliwa mikononi mwao, ukatiwa merikebuni, na kati ya waliouleta ni Jacob Wainwright pekee aliyesafiri nao hata London. Susi na Chuma walipelekwa Uingereza baadaye mwaka huo, nao wakamsaidia Horace Waller kuyaandaa maandishi ya mwisho ya Livingstone. Wainwright alikuwa ameandika shajara yake kwa Kiingereza. Hivyo hata safari hii mashuhuri, iliyofanywa na watu waliokijua Kiswahili, iliingia katika vitabu kwa lugha nyingine, na sehemu kubwa kwa mkono wa mtu mwingine.

Kisha njia yenyewe ilikatika. Mwaka 1891 Wajerumani waliyahamishia makao yao makuu Dar es Salaam. Reli ya kati ilianza kujengwa kutoka huko mwaka 1905, ikafika Tabora 1912 na Kigoma 1914, wala haikupita Bagamoyo. Kazi ya mpagazi wa masafa marefu ikafa, na pamoja nayo ile maana ya kufika. Kijana wa Itetemia aliyeteremka pwani baada ya mwaka huo aliteremka akiwa ameketi, kama mfanyi kazi wa Lancashire, na alishukia katika mji mwingine. Reli mpya ya umeme, ambayo mwaka 2024 ilianza kuchukua abiria kati ya Dar es Salaam na Dodoma, nayo yafuata mwelekeo huo wa Dar es Salaam.

Bagamoyo yenyewe imekuwa, kwa kiasi chake, mji wa pwani wa mapumziko. Watu wa Dar es Salaam huenda huko kwa gari, mwendo wa kilometa 70 hivi wa lami, wakaogelea, wakala samaki, wakatembelea magofu ya Kaole na majengo ya misheni, wakarudi jioni. Hapo pana jambo ambalo mchambuzi hapaswi kulipita. Katika siku moja mgeni huyo hupata maana zote mbili za jina: ufukweni huambiwa abwage moyo kwa maana ya raha, na penye mabaki ya kale huambiwa kwamba jina hilo ni kilio cha mtumwa. Maana ya kwanza imeachwa ipungue hata ikawa ya tangazo la biashara. Ya pili imepewa heshima yote. Mtu aliyeziunganisha, yule aliyetembea majuma mengi na mzigo begani ndipo akapumzika, ameanguka katikati.

Kwa wanafunzi wa fasihi ya Kiswahili hapa pana kazi mbili. Ya kwanza ni kuisoma upya nathari ya safari ya karne ya 19 na mwanzo wa karne ya 20, si kwa ajili ya mabwana wa misafara peke yao, bali kwa kufuatia kila mahali ambapo mpagazi atajwa, hata kama atajwa kwa tarakimu: alipogoma, alipotoroka, alipodai posho, alipokataa kuvuka mto. Mahali hapo ndipo anaposema. Ya pili ni kuyahesabu maneno ya njia kuwa ni sehemu ya fasihi. Mpagazi, kirangozi, posho, hongo, tembe: kila moja lina historia ya watu waliokutana, na baadhi yake yaliingia Kiswahili kutoka bara, wala hayakushuka kutoka pwani kama inavyodhaniwa juu ya lugha yote. Nyimbo za safari zilizobaki katika Unyamwezi zapasa kusomwa pamoja na maneno hayo, na wenye kuzijua waulizwe maadamu wapo.

Vitabu vya kale vimelitazama jina la Bagamoyo kutoka upande wa bahari, maana ndiko waandishi walikokuwa wamesimama. Likitazamwa kutoka Itetemia, msomaji aanza siku ile mzigo ulipoinuliwa, na zile siku zote za njia huwa zimo ndani ya neno kabla hajafika penye kitenzi. Akilisoma hivyo hatahitaji kuwachagua wapagazi na kuwatupa watumwa, wala kinyume chake. Atajua tu kwamba waliolisema kwanza walikuwa watu wa kazi, na kwamba siku walipolisema walikuwa wamefika.